Kabla hujalipia jina la tovuti ya biashara yako

Mama mmoja anayeuza mikoba mtandaoni alinipigia simu akilalamika kwamba wateja wanamwambia tovuti yake haifunguki. Nikaifungua, ikafunguka vizuri tu. Nikamwomba anisomee jina vile anavyowasomea wateja. Jina lenyewe nalihifadhi, ila mfano wake ni huu: "Bidhaa asili, doti kom." Alilisema haraka haraka, kama mtu aliyekwisha kulisema mara mia. Nikaandika nilivyosikia: bidhaasili. Hakuna kitu.

"A ziko tatu, kaka," akanisahihisha. "Mbili za bidhaa, moja ya asili."

Hapo tukaelewana. Aliyemtengenezea tovuti alimwambia jina ni zuri kwa kuwa linaeleza biashara, na kweli linaeleza. Lakini mdomo ukiziunganisha hizo a tatu, sikio hupata mbili, na kidole huandika mbili. Kila mteja aliyesikia jina kwa simu au kwa rafiki aliishia mlango usio wake.

Jina la kikoa, au domeni kama wengi tunavyoiita, huchaguliwa kwa macho, mtu akiwa ametulia mbele ya skrini. Baada ya hapo linaishi kwenye masikio na vidole vya watu wenye haraka. Na wakati tunahangaika na uzuri wake, swali la nani hasa analishikilia huwa hatuliulizi. Karibu kila shida ya jina niliyoitwa kuitatua imetokea upande mmoja kati ya hizo mbili.

Tuanze na jina lenyewe ni kitu gani. Kompyuta hutafutana kwa namba. Majina tuliwekewa sisi binadamu. Zamani, mtandao ulipokuwa na mashine chache, majina yote na namba zake yaliandikwa kwenye faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, likitunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kila mwenye mashine alichukua nakala yake. Mashine zilipoongezeka faili likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS ambao ndio unaotumika hadi leo: daftari limekatwa vipande, na kila kipande kina mtunzaji wake.

Ndiyo maana jina husomwa kuanzia kulia. Ukiandika anwani inayoishia na .com, msako huanza kwa kuuliza nani anatunza .com, kisha mtunzaji huyo anaulizwa seva gani, yaani kompyuta zipi za kuhudumia, zinalijua jina lililo kushoto kwake. Mtunzaji wa .com ni kampuni ya Verisign. Wewe hushughuliki nayo moja kwa moja. Unapitia kwa msajili, ambaye ni kama muuza rejareja aliyeidhinishwa. Juu yao kwa majina kama .com, .org na .net kuna ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998 kusimamia mfumo huu.

Kwa mpangilio huo, hakuna anayenunua jina la kikoa. Unalipanga, kama nyumba. Unalipia mwaka mmoja au zaidi, mwisho miaka 10 kwa mkupuo, na kodi ikiisha bila kulipwa jina hurudi sokoni. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa sikio. Jaribio langu ni jepesi na halihitaji gharama. Mpigie simu mtu asiyejua lolote kuhusu biashara yako, mtamkie jina mara moja, bila kulitaja herufi kwa herufi, kisha akutumie kwa ujumbe alichoandika. Rudia kwa watu watano. Wakikuletea maandishi ya aina tatu, jina hilo litakugharimu wateja hata likiwa na nembo ya dhahabu.

Hata wakubwa wamepita hapa. Jeff Bezos alipoanzisha kampuni yake mwaka 1994 aliiita Cadabra, akilikata neno la wafanya mazingaombwe. Mwanasheria wake akalisikia kwenye simu kama cadaver, yaani maiti. Jina likatupwa. Baada ya kuzunguka zunguka ndipo ikaja Amazon, neno ambalo halina vitabu ndani yake wala duka, ila ukilisikia mara moja unajua kuliandika.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na ushauri mwingi unaozagaa mtandaoni hauigusi kwa sababu umeandikwa kwa kuwaza lugha nyingine. Wa kwanza ni ule wa a tatu. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na mengi yanaanza na irabu, hivyo ukiyabandika pamoja kiungo kinazama. Sauti imara inakuwa sautiimara, na msikilizaji anaandika i moja bila kujua amekosea. Kama neno la pili linaanza na konsonanti, shida hiyo haipo.

Wa pili ni zile sauti ambazo ndimi zetu hazikubaliani. Wapo wanaotamka thamani kama samani. Sasa fikiria duka linaloitwa Thamani: nusu ya wasikilizaji wataenda kutafuta makochi. Wapo wanaobadilishana l na r, na hapo kalamu inageuka karamu, mahali panageuka mahari. Dh na z, gh na g, h inayomezwa mwanzoni mwa neno, yote hayo ni milango ya kupotelea. Sisemi uyakimbie maneno yote yenye sauti hizo, maana utabaki na machache. Nasema mpigie simu mtu ambaye matamshi yake si kama yako.

Wa tatu ni ritifaa. Herufi zinazokubalika kwenye jina la kawaida ni a hadi z, tarakimu 0 hadi 9, na kistari ambacho hakiruhusiwi kuanza wala kumaliza jina. Ritifaa haimo. Biashara inayoitwa Ng'ara itaandikwa ngara, na anayeisoma kwa mara ya kwanza ataitamka kama mwanzo wa ngazi. Herufi kubwa nazo hazina maana yoyote kwenye mfumo. Unaweza kuziandika kwenye bango ili maneno yatengane, lakini kwenye kivinjari zote hulala kuwa ndogo. Hapo ndipo maneno yaliyobanana huanza kusema yasiyokusudiwa. Chukua mpambaji wa kumbi anayeita huduma yake Kukupamba. Kwa mdomo ni tamu. Iandike kwa herufi ndogo, kukupamba, umpe mtu asiyejua, na macho yake yatatua kwanza kwenye kuku.

Kistari sikipendi. Kinaruhusiwa, ila kila utakapolitaja jina utalazimika kusema "halafu weka kistari", na atakayesahau kukiweka atafika kwa mwenzako aliyelichukua jina lisilo nacho. Tarakimu nazo zina swali lake: Duka 24, je, ni 2 na 4 au ni ishirini na nne kwa maneno? Ukiipenda namba hiyo sana, sajili zote mbili na moja ielekeze kwenye nyingine.

Urefu watu huuwekea sheria nyingi. Mfumo unaruhusu hadi herufi 63 kati ya nukta na nukta, jambo ambalo halikusaidii kitu. Kwangu, maneno mawili yanayojulikana ni bora kuliko kifupisho cha herufi nne kisichotamkika. Ufupi una faida pale tu unapokumbukika.

Kuna mabishano ya siku nyingi: jina lieleze biashara, au liwe neno la kubuni? Wanaopendelea jina la kueleza walikuwa na hoja nzito zamani, kwamba mtu akitafuta "viatu vya watoto", tovuti yenye maneno hayo kwenye jina itapanda juu. Ilikuwa hivyo kwa kiasi fulani. Septemba 2012 Google ilitoa badiliko lililolenga hasa tovuti dhaifu zilizokuwa zikipanda kwa nguvu ya jina tu. Leo jina la maneno hayo halikudhuru, lakini halikubebi.

Gharama ya jina la kueleza huja baadaye. Ukijiita kwa viatu, siku utakapotaka kuuza mikoba jina litakuwa linakupinga. Pia neno la kawaida ni gumu kulilinda kisheria, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kulitumia. Kampuni ya Booking.com ilibidi ifike Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2020 ikashinda haki ya kusajili jina lake kama alama ya biashara, kwa sababu ilithibitika kwamba watu walilijua kama jina la kampuni hiyo, si kama neno tu la kuwekea nafasi hotelini. Biashara changa haina ushahidi wa namna hiyo.

Jina la kubuni lina gharama yake mwanzoni: lazima ulifundishe. Google yenyewe ilitokana na googol, jina la namba 1 yenye sifuri 100 nyuma yake, na tahajia iliyosajiliwa tarehe 15 Septemba 1997 haikuwa ile ya namba. Kosa la tahajia lililotamkika vizuri limezaa jina. Njia ninayoiona nzuri kwa biashara ndogo iko katikati: neno halisi, ambalo watu tayari wanaliandika sawasawa, lakini lisilofungwa kwenye bidhaa moja.

Tukija kwenye mkia wa jina, yaani kiendelezi, kile kinachofuata nukta ya mwisho, watu huchanganyikiwa kwa wingi wa chaguo. Viendelezi vya awali vilikuwa vichache: .com, .org, .net na wenzao. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Baadaye ICANN ikafungua mlango, na tangu 2013 yameingia mamia ya mapya: .shop, .online, .app na kadhalika. Kiufundi vyote vinafanya kazi sawa.

Kwenye vichwa vya watu havilingani. Mwaka 2011 kampuni ya Overstock ya Marekani ilianza kujitangaza kama O.co. Ilikuwa na fedha za matangazo, jina lilikuwa fupi kuliko yote, na bado watu waliandika o.com, anwani ambayo haikuwepo. Ndani ya miezi ikarudi kwenye jina lake la zamani. Kama wao walishindwa kuwafundisha watu herufi mbili baada ya nukta, mimi na wewe tutafakari mara mbili. Ukisema jina bila mkia, wengi watamalizia .com wenyewe au kiendelezi cha nchi yao. Kwa hiyo kama wateja wako wako nchi moja, kiendelezi cha nchi hiyo ni chaguo la heshima kabisa, ila soma masharti yake kwanza. Kila nchi inajiwekea yake, na nyingine hudai uwe mkazi au uwe na kampuni iliyosajiliwa huko.

Wasiwasi wangu ni viendelezi vya nchi vinavyovaliwa kama mapambo. .tv ni ya Tuvalu, .ai ni ya Anguilla, .ly ni ya Libya, .io ni ya Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi. Ukipanga hapo, unapanga chini ya sheria za mwenye nyumba usiyemjua. Mwaka 2010 mamlaka ya Libya ililiondoa jina vb.ly, la huduma ya kufupisha viungo, kwa madai kwamba maudhui yake hayaendani na sheria za nchi. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, wakazi wake wengi waliokuwa na majina ya .eu walipoteza sifa, na mwanzoni mwa 2021 majina yao yakasimamishwa. Yugoslavia ilipokwisha kuwa nchi, .yu nayo ikafutwa mwaka 2010. Nani angedhani anapochagua herufi mbili anachagua pia siasa?

Jina likishapita hapo, liangalie upande wa sheria kabla ya kulilipia. Kupatikana kwake kwa msajili hakumaanishi ni halali kwako. Msajili hakagui alama za biashara. Kompyuta yake inajua tu kama neno hilo limeshachukuliwa au la. Tangu 1999 kuna utaratibu uitwao UDRP ambao mwenye alama ya biashara anaweza kuutumia kukunyang'anya jina bila kwenda mahakamani. Anatakiwa aonyeshe mambo matatu: jina lako linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, huna haki wala sababu halali ya kuwa nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kesi nyingi za aina hii huamuliwa chini ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, na WIPO hiyo hiyo ina hifadhidata ya alama za biashara ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua bure. Dakika kumi humo ni rahisi kuliko barua moja ya wakili.

Halafu, jina ulilolikuta wazi huenda lilishawahi kuwa na mpangaji. Kulichukua bila kuuliza ni kununua mbuzi kwenye gunia. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, imekuwa ikihifadhi kurasa za tovuti tangu 1996. Ingiza jina kwenye Wayback Machine yake uone lilitumika kwa nini. Nimewahi kulikuta jina zuri, fupi, la maana, ambalo miaka mitatu kabla lilikuwa la kamari. Tatizo la jina kama hilo mara nyingi huonekana kwenye barua pepe: unatuma ankara kwa mteja, inaangukia kwenye taka, wala hakuna anayekwambia kwa nini.

Na kama jina unalolitaka lina mwenyewe? Hapo watu hupoteza miezi wakibembeleza. Facebook ilianza kama thefacebook.com na ikalinunua facebook.com mwaka 2005 kwa dola 200,000. Tesla ilitumia teslamotors.com kwa miaka mingi na ikalipata tesla.com mwaka 2016 tu. Zilikua kwanza, majina yakafuata. Ongeza neno moja linalotamkika, uendelee na kazi.

Jambo la bei nalipita haraka, ila angalia moja: bei inayoandikwa kwa herufi kubwa nene ni ya mwaka wa kwanza. Tafuta bei ya kuhuisha, ile ya mwaka wa pili na kuendelea, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoishi nayo.

Sasa nirudi kwenye upangaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la jina la kikoa lina mstari unaosema mwenye usajili ni nani. Jamaa yangu mmoja alifanya biashara miaka minne akiamini jina ni lake. Lilikuwa limesajiliwa na fundi wa tovuti, kwa jina la fundi, kwenye akaunti ya fundi. Walipokosana kuhusu malipo, fundi hakuhitaji kuiba kitu. Kwenye daftari yeye ndiye aliyekuwa mwenyewe. Risiti za jamaa yangu zilisema "huduma ya tovuti", basi.

Zamani ungeweza kuchungulia daftari hilo kutoka nje ukaona jina na anwani ya mwenye usajili. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ianze kutumika mwaka 2018, taarifa za watu zimefichwa, na utakachoona mara nyingi ni msajili gani, lini lilisajiliwa na lini linaisha. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kuingia ndani ya akaunti mwenyewe na kusoma. Fungua akaunti kwa msajili kwa jina lako au la kampuni yako, lipia mwenyewe, kisha mpe fundi anachohitaji, ambacho kwa kawaida ni kuelekezwa kwa seva za majina tu. Washa uthibitisho wa hatua mbili na ufuli wa uhamisho. Ukitaka kuhamia kwa msajili mwingine baadaye, utaomba msimbo wa uhamisho. Usimpe mtu msimbo huo kama usivyompa mtu PIN yako. Usajili mpya kwa kawaida hauhamishiki kwa siku 60 za mwanzo.

Muda ukiisha, majina kama .com hayapotei siku ileile. Msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipa kwa bei ya kawaida, ingawa wengi hukatisha tovuti mapema na baadhi huanza kulinadi jina. Likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini, kisha siku 5 ambazo hakuna awezaye kuligusa, halafu liko wazi kwa yeyote, na wapo wenye programu zinazosubiri sekunde hiyo. Usidhani ni uzembe wa wadogo. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kuhuisha passport.com, jina lililokuwa likitumika kuingilia Hotmail, huduma yake ya barua pepe, na watumiaji wakafungiwa nje katikati ya sikukuu. Aliyeokoa jahazi ni mtaalamu wa kompyuta asiyehusika nayo, aliyelipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe.

Kuhuisha kwa kujiendesha kunasaidia mpaka kadi ya benki inapoisha muda wake. Ila kuna mtego mdogo ninaouona karibu kila ninapofungua akaunti ya mtu. Amesajili jina, akatengeneza barua pepe nzuri ya jina hilohilo, kisha akaenda kwa msajili na kuiweka hiyo kama anwani yake ya mawasiliano. Jina likisimama, barua pepe nayo inasimama. Onyo la msajili linatumwa kwenye sanduku ambalo halipokei tena, na hata kiungo cha kubadilisha nenosiri kinakwenda hukohuko. Yule mama wa mikoba, tulipolihamishia duka lake kwenye jina jipya lisilo na a tatu, nilimkuta nalo hilo pia. Tukaweka anwani yake ya kawaida, ile anayoifungua kila asubuhi kwenye simu, na ya pili ya binti yake.